Sabuni na Maji Yake

Viko vitu ambavyo mtu huvitumia kila siku mpaka akaacha kuviona. Sabuni ni kimoja katika vitu hivyo. Haikosekani katika nyumba ya tajiri wala katika chumba cha maskini. Humpokea mtoto siku anapozaliwa, na humuaga mtu siku anapokwenda kaburini. Bei yake hujulikana na kila mtoto anayetumwa dukani. Walakini ukimwuliza mtu sabuni hufanya nini, atajibu kuwa huondoa uchafu. Na ukimwuliza huuondoa kwa njia gani, atakutazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini jua huchomoza asubuhi. Nimefundisha sayansi kwa miaka kadhaa katika sehemu za Juja, na nimeona kwamba swali hili dogo lina mlango mpana. Aingiaye humo hujifunza habari za maji, mafuta, chumvi na mawe. Na mara nyingine, kama nitakavyoeleza, huweza hata kuokoa jina la mtu.

Kabla ya kwenda mbali yafaa tupatane juu ya neno moja. Katika lugha yetu kuyeyuka hutumika kwa mambo mawili. Samli iliyoganda huyeyuka juu ya jiko, na sukari huyeyuka katika chai. Jina ni moja lakini mambo ni mbalimbali. Samli imegeuzwa na joto peke yake, na ikipoa hurudia hali yake ya kwanza. Sukari haikugeuzwa na joto. Imetawanyika chembe kwa chembe ndani ya maji, na hata katika maji baridi ingalitawanyika vilevile, ila polepole. Waandishi wa vitabu vya sayansi huita jambo hili la pili kumumunyika, neno lililo jamaa ya kumumunya, yaani kuiacha peremende iishe mdomoni bila ya kuitafuna. Mimi nitasema kuyeyuka, kwa kuwa ndivyo watu wasemavyo, lakini msomaji akumbuke kuwa nakusudia kuyeyuka kwa sukari wala si kuyeyuka kwa samli.

Chukua basi bilauri nne. Katika ya kwanza tia maji ya mvua. Katika ya pili tia spiriti. Katika ya tatu mafuta ya taa. Na katika ya nne maji yaliyotiwa chumvi nyingi mpaka ikakataa kuyeyuka zaidi. Kwangua sabuni ya kufulia, utie kiasi kimoja katika kila bilauri, kisha ukoroge. Katika maji ya mvua sabuni hulainika na kutoweka, maji yakawa na weupe hafifu na povu juu. Katika spiriti, hasa ikiwa bilauri yake imewekwa ndani ya maji moto mbali na jiko, huyeyuka ikafanya kioevu kiangavu. Katika mafuta ya taa hulala chini kama mchanga, hata ukikoroga mpaka jioni. Na katika maji yale ya chumvi huelea juu kama maziwa yaliyokatika, ikakataa katakata kuingia ndani. Watengenezaji wa sabuni wameijua siri hii ya bilauri ya nne tangu zamani. Mafuta yakiisha kupikwa pamoja na soda kali, hutia chumvi katika chungu. Sabuni hujitenga na kupanda juu, na maji pamoja na glisarini hubaki chini.

Kwa nini kitu kile kile kikubaliwe hapa na kukataliwa pale? Molekuli ya maji, yaani kipande chake kilicho kidogo kabisa, haina usawa. Upande mmoja una chaji hasi kidogo, na upande wa pili una chaji chanya kidogo. Kwa sababu hiyo maji huvuta vitu vyenye chaji na vitu vyenye tabia kama yake. Chumvi imejengwa kwa chembe zenye chaji. Maji huzizingira moja moja na kuzichukua. Sukari haina chaji kama hizo, lakini ina sehemu nyingi ambazo maji huweza kushikana nazo. Mafuta hayana mshiko wa namna hiyo. Molekuli za maji hushikana zenyewe kwa zenyewe na kuyaacha mafuta nje, kama ukoo uliofunga mlango wake. Mafuta ya taa nayo huikataa chumvi, lakini huipokea grisi kama ndugu. Spiriti ina kidogo cha huku na kidogo cha huko, na kwa hiyo huwapokea wageni wa pande zote mbili kwa kiasi. Kanuni yake ni fupi: kila kitu huyeyuka katika mwenziwe.

Wazee wetu hawakuiandika kanuni hii, bali waliitenda. Watu wa pwani, na wa Uganda pia, hupaka mafuta mikononi na katika kisu kabla ya kupasua fenesi, kwa kuwa ulimbo wa tunda hilo hauogopi maji ila huogopa mafuta. Mpaka rangi husafisha brashi yake kwa mafuta ya taa. Na mtu aliyeumwa na pilipili akinywa maji hujiongezea hasira bure. Akinywa maziwa hupata nafuu, kwa sababu ukali wa pilipili huyeyuka katika mafuta wala si katika maji matupu.

Sasa tazama shida ya mfuaji. Uchafu wa nguo aghalabu umeshikwa na mafuta: mafuta ya jasho, mafuta ya chakula, mafuta ya mashine. Maji ndiyo aliyo nayo kwa wingi, nayo hayapatani na mafuta. Panatakiwa msuluhishi, na msuluhishi mwema ni yule aliye na jamaa katika pande zote mbili.

Sabuni ndiye msuluhishi huyo. Mfaransa Michel Eugène Chevreul, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1823, alionyesha kwamba mafuta yakipikwa na soda kali huvunjika yakawa glisarini na asidi za mafuta, na asidi hizo zikishikana na sodiamu ndizo sabuni. Molekuli ya sabuni ina umbo la kiluwiluwi. Kichwa chake kina chaji na hupenda maji; mkia wake ni mrefu na hupenda mafuta. Ikiwa ndani ya maji, mikia hujificha: molekuli nyingi hukusanyika, vichwa nje na mikia ndani, zikafanya vifundo vidogo visivyoonekana kwa macho. J. W. McBain, aliyekuwa mwalimu wa kemia huko Bristol nchini Uingereza, alieleza habari za vifundo hivyo mnamo mwaka 1913. Kwa hiyo twasema sabuni huyeyuka katika maji, lakini haiyeyuki kama chumvi. Chumvi huenda kila mtu peke yake; sabuni huenda kwa makundi. Katika kundi hilo tone la mafuta hupata maskani, na maji huichukua nyumba nzima pamoja na aliyemo.

Hapa yafaa kusahihisha usemi mmoja. Watu husema kuwa sabuni huyeyusha uchafu. Nguo za wachimba mawe ya Ndarugu hujaa vumbi, na viatu vya watoto wetu wakati wa mvua hubeba udongo mweusi wa Juja kama mzigo. Vumbi la mawe haliyeyuki, wala udongo hauyeyuki, uwe mweusi au mwekundu. Sabuni hulegeza mafuta yaliyoushika udongo, huzizingira chembe zake, na kuzizuia zisirudi kitambaani. Kisha maji ya kusuuza huzichukua. Kazi ya sabuni basi ni ya mchukuzi zaidi kuliko ya mwangamizaji.

Mara nyingine, hata hivyo, huangamiza. Mwezi wa Machi mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia Kenya, kila mlango wa duka katika mji wetu uliwekewa mtungi wenye bomba na kipande cha sabuni. Wengi walinawa kwa hofu tu, bila ya kujua sababu. Kirusi cha ugonjwa ule kimevikwa joho la mafuta. Mikia ya sabuni huingia katika joho hilo na kulipasua, na kirusi kisicho na joho hakina nguvu ya kumdhuru mtu.

Lakini sabuni ina adui, naye hukaa ndani ya maji yenyewe. Hapa Juja watu hutumia maji ya namna nyingi: ya mvua yanayokingwa mabatini, ya mito kama Ndarugu, ya bomba, na ya visima virefu vinavyochimbwa kwa mashine. Maji ya visima hivyo wengi huyaita kwa jina moja, maji ya chumvi. Jina hilo hufunika mambo mawili yaliyo kinyume. Yako maji ya visima yaliyopita katika mawe ya volkeno yakachukua magadi. Hayo ni maji laini, na sabuni hutoa povu upesi na kuteleza hata mtu akadhani haijamtoka mwilini. Na yako maji yaliyochukua kalsiamu na magnesiamu njiani. Hayo huitwa maji magumu. Kalsiamu huzishika molekuli za sabuni mbili mbili na kuzigeuza kuwa utando wa kijivu usioyeyuka. Sabuni ya kwanza yote huliwa na maji kabla ya kuigusa nguo. Mpaka kalsiamu ishibe, povu halionekani.

Katika darasa langu alikuwamo msichana ambaye mama yake alifua nguo za watu kwa ujira. Kazi hii huwapatia riziki wanawake wengi hapa, kwa kuwa mji umejaa wapangaji na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta. Nao watu huwaita wanawake hao mama fua. Jioni moja msichana yule alibaki nyuma wenzake walipokwisha kutoka, akaniuliza, "Mwalimu, sabuni yaweza kupungua bila ya kuibwa?"

Nilimwuliza sababu ya swali lake, naye akaeleza kwa shida. Mama yake alikuwa akifua katika nyumba moja kwa muda mrefu. Mche mmoja wa sabuni ulikuwa ukidumu majuma matatu. Sasa ulikwisha kwa juma moja. Mwenye nyumba alihesabu miche yake, akahesabu siku zake, akakata shauri kuwa sabuni inachukuliwa. Alikuwa amezuia ujira wa majuma mawili, na alisema kuwa majirani nao wataambiwa. Msomaji ajue uzito wa neno hilo. Mwanamke afuaye nguo za watu huingia katika nyumba wenyewe wakiwa hawapo. Mtaji wake ni mikono yake na jina lake, na jina likiharibika mikono haina pa kwenda.

"Nyumba hiyo yatumia maji gani?" nilimwuliza.

"Zamani ya tangi la mvua, Mwalimu. Tangi lilikauka mwezi wa Januari, wakaunganishwa na kisima."

Katika chuo cha ualimu nilikuwa nimefundishwa kipimo ambacho kilibuniwa na Thomas Clark, mwalimu wa kemia wa Aberdeen huko Scotland, mwaka 1841. Huyeyushwa sabuni katika spiriti, kisha hutiwa tone kwa tone katika chupa ya maji na kutikiswa, mpaka povu likae juu bila ya kuvunjika. Maji laini hutosheka upesi. Maji magumu hudai zaidi. Siku ya pili wanafunzi walileta maji katika chupa zilizo sawa: ya mvua, ya mto, na ya kile kisima. Maji ya mvua yalitosheka kwa matone ya kuhesabiwa kwa vidole vya mkono mmoja. Ya mto yalitaka kidogo zaidi. Ya kisima yalimeza vidole vyote vya mikono na miguu, yakaendelea kumeza, na juu yake hapakuwa na povu bali utando uliofanana na maziwa yaliyoharibika.

Neno la mwalimu mbele ya mwenye nyumba ni neno tu, na mimi sikutaka kupeleka maneno. Siku ya Jumamosi tulipiga hodi katika nyumba ile: mama, binti yake, na mimi. Bibi yule alitukaribisha kwa adabu lakini uso wake ulikuwa umefungwa. Binti aliomba ruhusa atumie maji ya bibi mwenyewe na sabuni ya bibi mwenyewe. Alitia maji ya mvua katika chupa moja na maji ya bomba la jikoni katika chupa ya pili, akampa bibi atie matone na kutikisa kwa mkono wake. Bibi alitikisa, akatazama. Akatia tena, akatikisa, akatazama. Chupa ya mvua ilikuwa imejaa povu mpaka shingoni. Alipofika matone ambayo hakuna aliyeendelea kuyahesabu, aliiweka chupa ya pili mezani na kusema, "Kumbe ni maji." Kisha akaingia chumbani, akarudi na ujira wa majuma mawili. Tulipokuwa njiani mama yule aliniambia, "Mwalimu, mikono yangu nilikuwa naijua. Maji ndiyo sikuyajua."

Sikulieleza jambo hili kwa kumlaumu bibi. Aliyaona mambo mawili, na yote mawili yalikuwa kweli: sabuni ilipungua, na mtu mmoja ndiye aliyeishika. Jambo la tatu hakulitazama, kwa kuwa maji hayana mdomo wala mfuko wa kupekuliwa. Dhuluma nyingi katika dunia hujengwa hivyo, juu ya mambo mawili ya kweli na moja lisiloulizwa.

Maji magumu yana dawa. Mengine hulainika yakichemshwa, na ugumu wake huonekana kama ukoko mweupe ndani ya birika. Dawa nyingine tunayo katika nchi yetu kwa wingi. Katika Ziwa Magadi, kusini mwa Bonde la Ufa, chemchemi za moto huleta soda ambayo jua huigandisha ikafunika ziwa kama sakafu; kampuni ya kuichimba iliundwa mwaka 1911. Magadi yakiyeyushwa katika maji magumu, kalsiamu hugeuka chokaa na kutuama chini, na maji ya juu huweza kuchotwa kwa kufulia. Mama yule alianza kufanya hivyo, na mche wa sabuni ukarudia kudumu. Lakini magadi ni makali kwa ngozi na kwa nguo za sufi, na kiasi ni bora kuliko wingi. Tena mtu asidhani kuwa povu ni hati ya usalama. Maji ya kisima yanayotoa povu zuri huenda yana floridi inayotia meno rangi ya kahawia. Sabuni haina habari na hilo, na maji ya kunywa hutaka kipimo chake.

Shida ambayo kwetu ni ya kisima hapa na kisima pale, pwani ni ya kila siku. Mombasa, Lamu na Unguja zimekaa juu ya mawe ya matumbawe, ambayo ni chokaa tupu, na visima vilivyochimbwa humo hutoa maji magumu. Baharini ni vibaya zaidi, kwa maana huko ziko kalsiamu, magnesiamu na chumvi pamoja. Lakini nazi imewapa watu wa pwani hifadhi yao: sabuni ya mafuta ya nazi ina mikia mifupi, huyeyuka kwa wepesi zaidi, na huweza kutoa povu hata katika maji ya bahari. Mabaharia wa mataifa mengi walipelekewa sabuni ya namna hiyo. Siku hizi sabuni nyingi za unga hutengenezwa kwa dawa zisizoshikwa na kalsiamu. Wajerumani walianza kutafuta njia hiyo walipokosa mafuta wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Ila mche wa sabuni ungali na wateja wake, na maji magumu yangali yakiula.

Asidhani msomaji kuwa elimu ya namna hii hutaka nyumba kubwa yenye vyombo vya fedha. Agnes Pockels, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1862, hakwenda chuo kikuu. Wakati wake milango hiyo haikuwa wazi kwa wanawake. Alikaa nyumbani akiwatunza wazazi wake na kuosha vyombo. Katika kuosha huko alitazama jinsi mafuta na sabuni vinavyobadili uso wa maji, akajifanyia chombo cha kupimia nguvu ya uso huo. Mwaka 1891 alimwandikia Lord Rayleigh wa Uingereza barua ya kueleza aliyoyaona, na barua hiyo ikachapishwa katika gazeti la sayansi liitwalo Nature. Wataalamu waliomfuata walijenga juu ya kazi iliyoanzia jikoni.

Jiko liko katika kila nyumba, na maji hayakosi kabisa. Tia maji ya kwenu katika chupa, tia matone ya sabuni, utikise, utazame kwa subira. Ukiona povu, umejua jambo moja juu ya mawe ambayo maji hayo yamepita. Ukiona utando, umejua jingine. Na huenda ukawa umemwondolea mtu lawama ambayo hakuistahili.